Oili ya injini ya boti imegeuka nyeupe: jinsi ya kujua maji yalikopita kabla hujafungua hedi

Oili ikigeuka nyeupe kwenye injini ya boti, neno la kwanza utakalolisikia ufukweni ni gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya mwili wa injini na hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Hedi inafunguliwa siku hiyohiyo, gasketi inaagizwa Kariakoo, inakuja kwa basi, inafungwa, boti inarudi majini, na haipiti muda oili ni nyeupe tena. Huenda gasketi haikuwa na kosa lolote. Injini ya gari ina njia chache za kuingiza maji kwenye oili. Injini ya boti inazo hizohizo, halafu ina za kwake: pampu ya maji ya bahari, eksozi inayopitisha maji, kipoza oili kinacholishwa na bahari, na ngama, yaani tumbo la boti ambamo maji hujikusanya, iliyo chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nyingi kati ya hizi unaweza kuzichunguza bila kugusa hata bolti moja ya hedi.

Maelezo haya yanahusu zaidi injini za dizeli zilizofungwa ndani ya boti za uvuvi, za mizigo na za abiria huku Mtwara na Lindi. Injini za kupachika, zile zinazofungwa nje nyuma ya boti, nimezitengea sehemu yake mwishoni, kwa kuwa kwao ugonjwa huu kwa kawaida hukaa kwenye gia boksi.

Mkono usiende kwenye swichi

Umechomoa dipstiki asubuhi, oili imepanda juu ya alama na rangi si ile ya jana. Usiwashe injini "kuona kama itakubali". Kama maji yamo ndani ya silinda, pistoni ikipanda itayakuta, na maji hayabanwi kama hewa. Kitakachojipinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Stata peke yake ina nguvu ya kufanya hivyo, na injini ikishika kwa silinda nyingine, hasara inakuwa kubwa zaidi.

Funga koki ya maji ya bahari kwanza, ili lisiingie tone jingine wakati unachunguza. Kisha fungua nozeli zote, zile zinazonyunyiza dizeli silindani (au plagi za joto, kama injini yako inazo na ni rahisi kuzifikia) na uzungushe krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, uso ukiwa mbali na matundu. Maji yakiruka kutoka silinda fulani, andika ni ya ngapi, na uyapokee kwenye kopo safi. Utayahitaji baadaye. Krenki ikikataa kuzunguka hata baada ya nozeli kutoka, usiongeze urefu wa spana kwa bomba. Mimina dizeli kidogo kwenye kila silinda, acha usiku kucha, ujaribu tena taratibu. Pengine ni ringi zilizoshikwa na kutu, na kutu hulegea ukiipa muda.

Hakikisha kwanza kuwa ni maji

Oili iliyochanganyika na maji na kuzungushwa na injini hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kuwa nzito. Ukiona hivyo kwenye dipstiki huna haja ya kubishana. Shida iko kwenye hali za katikati, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Hali ya kwanza: oili imepanda lakini rangi ni nyeusi kama kawaida. Kuna sababu mbili. Maji yanaweza kuwa yameingia injini ikiwa imezimwa, yakashuka chini ya sampu kwa kuwa ni mazito kuliko oili, na hayajachanganywa bado. Au si maji kabisa, ni dizeli inayovuja kutoka kwenye pampu ya mafuta au nozeli mbovu. Dizeli huifanya oili kuwa nyepesi na yenye harufu yake. Dondosha tone kwenye karatasi: oili nzima hukaa mahali pamoja kwa muda, yenye dizeli hutambaa na kuacha duara pana la mafuta kulizunguka. Kama ni dizeli, tafuta kwenye mfumo wa mafuta. Mengi ya yanayofuata hapa hayakuhusu.

Hali ya pili: utando mweupe uko kwenye kifuniko cha kumiminia oili tu, dipstiki ni safi na kiwango hakijabadilika. Huo mara nyingi ni unyevu wa hewa ulioganda ndani ya injini isiyopata joto. Boti za abiria za kuvuka Mtwara kwenda Msanga Mkuu, au Lindi kwenda Kitunda, zinaongoza kwa hili: injini inawashwa, inavuka, inazimwa kabla oili haijapata moto, siku nzima. Futa kifuniko, itembeze injini ikiwa na mzigo zaidi ya nusu saa, halafu tazama tena. Unyevu huondoka kwa mvuke. Kama utando umerudi palepale na oili ya chini nayo imeanza kupauka, endelea na uchunguzi.

Hapa niseme jambo moja kuhusu themostati, kile kilango kinachozuia maji ya kupooza mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi wa pwani huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba huku kuna joto. Joto la Mtwara halifiki hata nusu ya joto ambalo injini inataka. Injini zenye maji yake yenyewe ya kupooza zimetengenezwa zifanye kazi kwenye nyuzi 80 hivi. Zile zinazopoozwa na maji ya bahari moja kwa moja huwekewa themostati ya nyuzi 60 au chini kidogo ili chumvi isigande ndani ya mifereji. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi siku zote, na oili yake haipati nafasi ya kukauka.

Kwa hali zote zenye mashaka kuna vipimo viwili vya jikoni.

Cha chupa: chukua chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha ndani, jaza oili uliyoinyonya kutoka chini kabisa ya sampu kwa bomba la sindano na mpira mwembamba, iweke wima juani halafu uiache hadi kesho yake. Maji yasiyoshikana na oili yatakaa chini, mstari ukionekana wazi. Oili iliyokorogeka sana huenda isiachane hata kwa siku mbili. Hiyo ipashe moto kwa kuisimamisha chupa kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu.

Cha kuchatua: weka sufuria kavu ya bati au kipande cha chuma juu ya jiko, kiwe cha moto kupita kiwango cha maji kuchemka, nyuzi 130 hadi 160 hivi. Dondosha tone moja la oili mpya kutoka kwenye dumu. Halichatuki, linatambaa tu. Kisha dondosha tone la oili unayoishuku. Likichatuka na kutoa mapovu, lina maji, hata kama ni sehemu moja tu kwa elfu. Usiruke hatua ya oili mpya, maana oili ya kupima inayouzwa madukani huweza kuwa na maji tayari, na hapo utakuwa unaituhumu injini bure. Fanya kipimo hiki nchi kavu, mbali na petroli, kwa matone, na ulinde macho.

Ni maji ya wapi?

Hili ndilo swali linalookoa pesa. Ndani ya boti kuna maji ya aina tatu: ya bahari, ya kupooza yanayozunguka ndani ya injini, na ya mvua. Kila aina ina njia zake.

Pata maji yenyewe, ama yale yaliyoruka kutoka silinda, ama yaliyotulia chini ya chupa. Unaweza pia kulegeza bolti ya kumwagia oili polepole baada ya boti kutulia usiku kucha. Kinachotangulia kutoka ni maji. Usiyaonje. Maji ya kupooza yenye dawa yana ladha tamu na ni sumu, na wapo mafundi waliozoea kupima kila kitu kwa ulimi.

Ukiona rangi ya kijani, nyekundu au buluu, na utelezi kwenye vidole, ni maji ya kupooza na kazi imekuwa nyepesi. Lakini boti nyingi huku zinatembea na maji matupu ya bomba au kisima, hayana rangi. Basi chukua vijiko vitatu vya chuma. Kimoja tia maji kutoka kwenye oili, uyafute mafuta ya juu kwa karatasi. Cha pili maji ya bahari. Cha tatu maji kutoka tangi la kupoozea injini. Vikaushe vyote juu ya moto mdogo. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo kijiko chake kitaacha ukoko mweupe usiohitaji miwani. Maji ya kisima nayo huacha utando, hasa visima vya karibu na ufuko, na ndiyo sababu unahitaji vijiko vitatu, usitegemee kimoja. Linganisha.

Kijiko cha tatu kina kazi nyingine tena. Kikiacha chumvi nyingi, maana yake maji ya bahari yameshaingia kwenye maji ya kupooza kupitia lile tangi la mirija ambamo bahari hupooza maji ya injini. Hapo chumvi iliyo kwenye oili inaweza kuwa imepita kwenye gasketi au laina (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), ingawa asili yake ni baharini. Bila kijiko hicho ungeitafuta kwenye eksozi mpaka uchoke. Halafu utakuwa na matundu mawili ya kuziba, si moja.

Tazama pia kiwango cha tangi la kupoozea. Kama linapungua na hakuna tone linaloanguka nje, maji yanakwenda ndani: kwenye oili, silindani, au baharini kupitia mirija.

Yaliingia lini?

Ukishahakikisha silinda hazina maji, rudisha nozeli na ufungue koki ya bahari. Futa oili mbovu, weka ya bei nafuu, na ujifunze kusoma dipstiki mara mbili: mara tu baada ya kuzima na kutulia kidogo, na tena asubuhi kabla ya kuwasha. Weka alama kwa kisu au rangi. Fanya hivi kwa kuwasha injini boti ikiwa imefungwa gatini, bila mzigo, kwa muda mfupi.

Kiwango kikipanda wakati injini inafanya kazi, maji yanasukumwa: pampu, gasketi, laina, hedi iliyopasuka. Kikipanda usiku boti ikiwa kwenye nanga, maji yanajiingilia yenyewe kwa mvuto au kwa mawimbi: eksozi, mpira wa maji usio na valvu ya kukata mvuto (inayoingiza hewa ili maji yasiendelee kujivuta), kipoza oili kilicho chini ya usawa wa bahari, ngama. Mwenye boti anayejua jibu la swali hili ameshaondoa nusu ya washukiwa.

Pampu ya maji ya bahari

Anza hapa, kwa kuwa ni rahisi kuliko kote. Kama pampu yako inazungushwa kwa mkanda, iko mbali na oili na haiwezi kuwa mkosaji. Kama imefungwa kwenye mwili wa injini na kuzungushwa kwa gia, shafti yake moja ina maji upande huu na oili upande ule, katikati kuna sili mbili, na kati ya sili hizo kuna kitundu kinachotazama chini. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya maji ikichoka, maji yadondoke nje ukayaona kabla hayajafika kwenye oili.

Sasa kitazame. Mara ngapi kimezibwa na chumvi iliyoganda, grisi, au rangi ya mtu aliyeipaka injini ili ipendeze! Kitundu kikizibwa, maji hayana pengine pa kwenda ila kupita sili ya pili. Kizibue kwa waya, washa, uangalie. Kikidondosha maji, badilisha sili zote mbili pamoja, na uikague shafti yenyewe: ukipitisha ukucha na kuhisi mfereji pale sili ilipokaa, sili mpya haitadumu. Shafti hiyo iende kwa fundi wa mashine ya kukereza au ibadilishwe.

Eksozi

Hii ndiyo inayoua injini nyingi na kulaumiwa mara chache, kwa hiyo nitakaa nayo.

Katika eksozi yenye maji, maji ya bahari yakishapooza injini hudungwa kwenye bomba la moshi, kisha moshi na maji hutoka pamoja nyuma ya boti. Injini ikizimwa, lazima kuwe na kilima kati ya mahali maji yanapodungwa na valvu za eksozi, la sivyo maji yatarudi. Mara nyingi kuna silinda ambayo valvu yake ya eksozi imebaki wazi. Maji yataingia hapo, yatapita pembeni ya ringi, yataishia sampu.

Yanarudije? Kwa njia nne. Kwanza, kwa mvuto. Kama mahali pa kudunga pako chini ya usawa wa bahari au juu yake kwa chini ya sentimita 15 hivi, mpira wa maji unahitaji kupandishwa juu na kuwekewa valvu ya kukata mvuto kileleni. Bila hiyo, bahari inaendelea kujimimina kupitia pampu ambayo impela yake, lile gurudumu la mpira linalosukuma maji, imechakaa, injini ikiwa imelala.

Usipime kwa macho. Chukua mpira wa levo wanaotumia waashi, ujaze maji pasibaki povu la hewa, ncha moja itumbukize baharini ubavuni mwa boti, nyingine ishikilie ndani kando ya eksozi. Maji yatasimama usawa uleule wa bahari, na utaona mahali pa kudunga pako juu au chini kwa kiasi gani. Kisha shusha ncha ya ndani taratibu: maji yataanza kumiminika ndani ya boti bila kusukumwa na mtu. Ndivyo hasa yanavyofanya kwenye silinda yako usiku. Na upime boti ikiwa na mzigo wake wa kweli. Boti tupu iliyoegeshwa Mikindani na boti hiyohiyo iliyobeba barafu, nyavu na watu kumi ina usawa tofauti kabisa.

Pili, kwa mawimbi. Boti iliyotia nanga shetri ikitazama kusi hupigwa eksozini usiku kucha. Kama bomba la nyuma ni fupi, limelala na halina kilango cha mpira, kila wimbi linasogeza maji kidogo ndani. Boti inayopwelewa na kulala upande nayo iangalie: tangi la maji la eksozi, ambamo maji ya moshi hutulia kabla ya kutoka nje, linaweza kumwagikia kwenye injini ikiwa imeinama vibaya.

Tatu, kwa stata. Injini inapogoma, nahodha anapiga stata tena na tena. Kila mzunguko pampu inaleta maji, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Tangi la eksozi linajaa, linarudisha. Injini ikigoma, funga koki ya bahari wakati unapiga stata, na uifungue mara tu inaposhika.

Nne, kwa kutu. Kiko cha eksozi, lile bomba lililopinda ambamo maji na moto hukutana, hulika kutokea ndani, nje kikionekana kizima. Kifungue. Ukiona kutu ya matabaka, au njia ya maji imetoboka kuelekea upande wa moshi, umempata mkosaji. Ncha ya nozeli yenye kutu kwenye silinda iliyo karibu na kiko hicho inathibitisha.

Boti zenye eksozi kavu iliyosimama wima hazina lolote kati ya haya, ila zina mvua. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na bomba lililo wazi juu linaweza kuijaza silinda kwa usiku mmoja. Maji kwenye kijiko yatakuwa hayana chumvi na tangi la kupoozea litakuwa halijapungua. Dawa yake ni kopo la kufunika. Tusipoteze muda hapo.

Kipoza oili

Hiki kina tabia inayochanganya watu. Injini ikiwa kazini, msukumo wa oili ni mkubwa, baa tatu au nne, na wa maji ya bahari haufiki baa moja. Mrija ukitoboka, oili ndiyo inayotoka kwenda baharini. Utaona mng'ao wa mafuta kwenye maji yanayotoka eksozini, na oili inapungua. Ukizima, msukumo wa oili unaisha, na kama kipoza kiko chini ya usawa wa bahari maji yanaanza safari ya kurudi. Kwa hiyo boti inayokula oili mchana na kuongezeka oili usiku, mchunguze huyu kabla ya wengine.

Kifungue, ziba upande mmoja wa njia ya oili, upande mwingine uunge pampu ya baiskeli yenye geji, kizamishe kwenye ndoo na utie upepo, psi 20 zinatosha. Mapovu yakitoka kwenye njia ya maji, mrija umetoboka. Kuchomelea ni suluhisho la muda, kwani mrija ukitoboka mmoja, jirani zake nao wamekonda. Kama kina zinki ya kujitoa mhanga, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya chuma kingine, itazame imebaki kiasi gani. Kama imeisha siku nyingi, sababu ya kutoboka umeijua.

Usisahau oili ya gia. Gia nyingi za boti zina kipoza chao kwenye mstari uleule wa maji, na huharibika kimyakimya kwa sababu hakuna anayechomoa dipstiki yake.

Ngama

Tafuta mstari wa chumvi au mafuta ubavuni mwa injini. Kama unapita juu ya mdomo wa bomba la dipstiki au sili ya nyuma ya krenki, injini ilizama kidogo bila mtu kuona, na hakuna gasketi ya kubadilisha. Tafuta mahali boti inapovuja, au muulize baharia aliyelala zamu ya kukumba maji.

Kama ni maji ya kupooza

Sasa, na sasa tu, tunaisogelea hedi. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha tangi la kupoozea, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma tangu mwanzo ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Gasketi au hedi inahusika. Kupima kompresheni kutasaidia: silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kuliko wenzake, gasketi imeungua katikati yao.

Bila mapovu, pima kwa msukumo. Tafuta pampu ya mkono yenye geji inayofunga mahali pa kifuniko cha tangi, na usizidishe namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, 0.9 ni baa 0.9, sawa na psi 13 hivi. Ongeza, uache nusu saa. Geji ikishuka na nje ni pakavu, nenda hatua inayofuata kama nafasi inaruhusu: mwaga oili, shusha sampu, weka msukumo tena, ulale chini na tochi. Matone yakianguka kutoka ukingo wa chini wa laina, ni oringi za laina, zile pete za mpira zinazoiziba chini. Yakitiririka ndani ya ukuta wa laina, ni laina yenye kitundu au maji yanatoka juu, kwenye gasketi au hedi.

Vitundu vya laina vina chanzo ambacho wengi hawakijui. Laina hutetemeka, mtetemo hutengeneza mapovu madogo kwenye maji yanayoizunguka, mapovu yakipasuka yanachimba chuma. Dawa ya kupoozea inalinda ukuta huo. Maji matupu ya bomba hayalindi. Mtu anaokoa bei ya dumu la dawa na kulipa laina.

Ukifungua hedi, ipeleke ipimwe unyoofu na mpasuko kabla hujaagiza gasketi. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kazi ya kurudia.

Kuiosha injini

Fanya hivi baada ya njia kuzibwa, lakini usichelewe. Maji ya chumvi huanza kula beringi na ukuta wa silinda ndani ya saa chache. Kuyachemsha kwa kutembeza injini hakusaidii: maji yatapaa, chumvi itabaki. Kama kipuri bado kiko njiani kutoka Dar es Salaam, mwaga oili mbovu, mimina dizeli kwenye silinda na juu ya tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu, chini ya kava ya juu), zungusha kwa mkono, kisha jaza sampu dizeli au oili kadiri inavyowezekana ili hewa isipate nafasi. Andika kwa chaki kubwa kwenye injini kwamba haiwashwi.

Kipuri kikishafungwa, mwaga vyote, badilisha filta, weka oili ya bei nafuu ya daraja lilelile, 15W-40 kwa dizeli nyingi. Washa bila mzigo dakika kumi, ukiwa na jicho kwenye geji ya oili. Zima, mwaga ikiwa ya moto, badilisha filta tena. Rudia mpaka oili itoke safi, mara mbili au tatu hivi. Safisha kava ya tapeti kwa mkono, maana utando hujificha huko. Wapo wanaowasha injini ikiwa na dizeli tupu sampuni ili ioshe vizuri. Dizeli haibebi beringi, iache kwa kuzungusha kwa mkono tu. Oili chafu yote iende kwenye madumu, isiende ngamani. Ukiimwaga ngamani umeimwaga baharini, na kwa walioko Msimbati, bahari hiyo imo ndani ya hifadhi.

Injini za kupachika

Zile Yamaha za 15 na 40 za viharusi viwili hazina sampu. Oili yake huchanganywa na petroli. Nyeupe utaiona kwenye oili ya gia, chini. Simamisha injini wima usiku kucha, asubuhi legeza skrubu ya chini polepole. Yakitangulia maji, sili imepitisha.

Kabla ya kununua sili, vua pangaboi. Mshipi na nyuzi za nyavu hujizungusha kwenye shafti nyuma yake, huingia chini ya sili na kuikata. Kwa wavuvi hii ndiyo sababu ninayoikuta kuliko nyingine. Tazama pia vioshea vya skrubu mbili za oili. Kikishabanwa mara moja na kuwa bapa, hakizibi tena vizuri, na bei yake ni ndogo.

Ili kujua ni sili ipi, mwaga oili, unga pampu kwenye tundu la juu, tia upepo usiozidi psi 14, uzamishe gia boksi kwenye pipa. Mapovu yakitoka kwenye shafti ya pangaboi ni sili za nyuma. Yakitoka juu ni ya shafti ya kuendeshea au ya fimbo ya gia. Zungusha shafti na kubadilisha gia wakati wa kupima, kwa kuwa sili nyingine huvuja zikitembea tu. Ukimaliza, jaza oili ya gia namba 90 kutoka skrubu ya chini mpaka itokee ya juu bila povu, funga ya juu kwanza, halafu ya chini.

Za viharusi vinne zina sampu, na malalamiko makubwa ni oili kuongezeka. Inuse. Ikinuka petroli na si nyeupe, ni injini inayotembea baridi na polepole mno. Kagua themostati na uipe mwendo. Ikiwa nyeupe, rudi kwenye vile vijiko vitatu. Injini hiyo haina tangi la kupoozea, kwa hiyo viwili vitatosha.